Kubadilisha paa Florida kusini: namna ya kuomba kibali, na namna ya kukifunga

Ndugu zangu mlionunua nyumba huku Florida kusini, hasa nyie wa Miami-Dade na Broward, kila mwaka ikikaribia Juni mosi, msimu wa vimbunga unapoanza, naona watu wanaanza kuhangaika na habari za paa. Bima imeleta barua, fundi fulani kasema kibali cha nini, mwingine kaambiwa achukue tu kibali mwenyewe atapunguza bei, basi kila mtu na lake. Mimi nimepita njia hii mwanzo mpaka mwisho na iliniuma mfukoni kabla sijaielewa, kwahiyo naeleza vile nilivyoijua, taratibu, mwenye haraka arukie sehemu anayoitaka ila hii ya mwanzo na ile ya inspekta naomba msiziruke.

Kilichonikuta ni hivi. Tulinunua nyumba Broward, paa la vigae vya lami, kwa macho zuri kabisa, muuzaji akasema limebadilishwa na kibali kilichukuliwa. Na kweli kilichukuliwa. Miaka mitatu baadae bima wakaomba karatasi za paa, naingia kwenye websaiti ya mji naandika adresi yangu, kibali nakiona pale, pembeni yake wameandika Expired. Maana yake kilifunguliwa, kazi ikafanyika, inspekta wa mwisho hakuitwa, zikapita siku 180 bila ukaguzi, kikafa chenyewe. Kontrakta aliyekiomba simu haipatikani. Mjini wakaniambia hawawezi kukifunga kwasababu vilivyo chini ya vile vigae hakuna aliyeviona, na nilikasirika sana siku ile lakini walikuwa sahihi, maana nilipopanda darini na tochi nikaangalia juu, misumari mingi ilikuwa imetoboa plaiwudi ikatokea pembeni ya kenchi, haijashika kitu, inaning'inia hewani inang'aa. Kwenye kenchi moja nilihesabu kumi na moja iliyokosa. Watoto wangu walikuwa wanalala chini ya lile paa.

Ndo maana nasema kibali sio karatasi ya serikali ya kukusumbua. Kinachoshikilia paa ni misumari, vibati vinavyofunga kenchi kwenye ukuta, na utando wa kuzuia maji unaokaa chini ya vigae, na vyote hivyo vikishafunikwa huvioni tena mpaka siku upepo ukivifunua. Kibali kinakupa mtu wa kuviona kabla havijafunikwa, afu anaandika kwamba ameona. Kikifunguliwa kisifungwe huna kitu.

Kwanza ujue kwanini huku ni wakali

Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Dade, Homestead na pembeni yake, daraja la 5. Walipokuja kuchunguza nyumba zilizofumuka wakakuta plaiwudi zimefungwa na pini au misumari michache, mingine imekosa kenchi kabisa, yaani yaleyale niliyoyaona mimi darini kwangu. Baada ya hapo wakakaza sheria za ujenzi, na kuanzia tarehe 1 Machi 2002 jimbo zima likawa na kodi moja ya ujenzi, yaani kanuni za ujenzi, sio kodi ya kulipa, inaitwa Florida Building Code. Ndani ya hiyo kodi kuna eneo lenye masharti yake ya ziada, wanaliita HVHZ, ukanda wa upepo mkali wa vimbunga, na kaunti zilizomo ni mbili tu, Miami-Dade na Broward. Nyumba ya kawaida Miami-Dade inapigiwa hesabu ya upepo wa maili 175 kwa saa, Broward 170, hizo ni kilomita kama 282 na 274.

Na upepo wa kimbunga usidhani unaligandamiza paa, hapana, unalinyonya kwenda juu. Unapita juu ya paa kwa kasi unalivuta, na kama dirisha limevunjika mwingine unaingia ndani unalisukuma kutoka chini. Panaponyonywa zaidi ni pembeni na kwenye kona, ndo maana utaona kwenye fomu wanataka misumari ya kona na kingo iwe mingi kuliko ya katikati. Ukilielewa hilo masharti mengine yote yanajieleza.

Nyie wa Jacksonville, najua Wakongomani wengi mko kule, na wa Tampa na Orlando, nyie hamko HVHZ. Kibali mnahitaji vilevile na hatua nyingi ni hizihizi, ila fomu zenu ni nyepesi na vifaa vinaweza kuwa na namba ya kupitishwa ya jimbo, ile inayoanza na FL, sio lazima ya Miami-Dade.

Hatua ya 1: jua uko chini ya nani

Miami-Dade ina miji 34 na Broward 31, na kila mji una ofisi yake ya ujenzi. Adresi ya posta inadanganya, unaweza kuandikiwa Miami kwenye barua kumbe hauko ndani ya mji wa Miami, uko eneo la kaunti. Ingia websaiti ya Property Appraiser wa kaunti yako, yule mthamini wa nyumba, andika adresi, utaona namba ya folio, yaani namba ya nyumba yako kwenye rekodi za kaunti, na chini yake mji ulioko. Folio iandike pembeni, utaulizwa kila mahali. Hapohapo nenda websaiti ya huo mji utafute vibali vyote vya nyumba yako tangu zamani. Ukikuta kimoja kiko wazi au kimekufa, hata kama ni cha mwenye nyumba aliyepita, ulizia kabla hujaanza kitu kingine. Na anayetaka kununua nyumba afanye hivi kabla ya kusaini, ni dakika kumi tu, mimi nilizikosa hizo dakika kumi.

Kama una HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa wenu, hao ni wengine kabisa. Kibali cha mji hakikupi ruhusa yao na ruhusa yao sio kibali. Waombe mapema, maana wao wanataka rangi na aina ya kigae, na vikao vyao vinaweza kuwa mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 2: paa zima au kiraka?

Hapa kuna sheria ya asilimia 25. Ukitengeneza zaidi ya robo ya paa, au ya sehemu moja ya paa, ndani ya miezi 12, inabidi sehemu yote hiyo ifikishwe kwenye kodi ya sasa. Mwezi wa tano 2022 wakailegeza kidogo, kwamba kama paa lako lilijengwa au kubadilishwa kufuata kodi ya 2007 au ya baadae, na hiyo ya 2007 ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2009, basi unafikisha ile sehemu unayoitengeneza tu. Kwahiyo akija mtu mlangoni baada ya upepo anakwambia mama sheria inakulazimisha paa zima, muulize paa langu kibali chake cha mwaka gani. Kama ni la baada ya hapo, na lilipita ukaguzi, hakuna ulazima huo.

Sheria ya mwezi huohuo inasema pia bima hawawezi kukukataa kwa sababu ya umri wa paa peke yake kama halijafika miaka 15, na likizidi miaka 15 lazima wakupe nafasi ya kulikagua, mkaguzi akisema limebaki na miaka 5 au zaidi umri peke yake hauwi sababu ya kukukataa. Wengi wanapewa barua wanakimbilia kutoa paa zima kabla hawajauliza hili.

Turubai la dharura baada ya kimbunga kwa kawaida halihitaji kibali, funika nyumba yako kwanza, piga picha kila kitu, mengine baadae.

Hatua ya 3: nani anaomba kibali

Sheria ya jimbo inamruhusu mwenye nyumba kuwa kontrakta wa nyumba yake anayoishi. Utasaini fomu ya kiapo, na masharti yake ni mazito: uishi humo, usiiuze wala kuipangisha ndani ya mwaka mmoja baada ya kazi kuisha, usimamie mwenyewe, na usimpe kazi mtu asiye na leseni akafanya kama kontrakta. Unaowalipa wanakuwa waajiriwa wako, wakianguka ni juu yako. Paa ndo mahali watu wanapoanguka. Sasa wale wanaokuja kwako wanasema kaka wewe chukua kibali kwa jina lako sisi tutafanya, tutakupunguzia, jamani hapo wanakutwisha wewe mzigo wote, na kama angekuwa na leseni angekichukua mwenyewe. Kataa. Hata kama ni wa nyumbani, hata kama mnasali wote.

Kontrakta wa paa wa jimbo namba ya leseni yake inaanza na CCC. Ingia myfloridalicense.com, andika namba, uone jina ni lilelile lililo kwenye mkataba, leseni iko hai, na kama kuna malalamiko. Afu mwambie akuletee cheti cha bima ya ajali za wafanyakazi na cha bima ya uharibifu, ila kisitoke mkononi kwake, kitoke moja kwa moja kwa wakala wake wa bima kuja kwenye imeili yako. Mwenye nazo hakasiriki ukiomba.

Hatua ya 4: mkataba

Usiweke saini kwenye simu ya mtu mlangoni. Omba mkataba kwa karatasi au PDF, lala nao siku moja. Mambo ninayoyatafuta mimi kwenye mkataba wa paa ni machache. Iandikwe kwamba yeye ndo anayechukua kibali na yeye ndo anayekifunga, na malipo ya mwisho yanatoka baada ya ukaguzi wa mwisho kupita, sio baada ya vigae kuisha. Hii sentensi moja ndo ingeokoa nyumba yangu. Pili bei ya plaiwudi kwa kila shiti moja itakayobadilishwa, maana wakishafungua paa wanakuta mbao zimeoza, na kama bei haijaandikwa watakutajia wanayotaka nyumba ikiwa wazi na mawingu yanakuja. Tatu majina kamili ya vifaa na namba zake, nitaeleza chini.

Dipositi, sheria inasema akichukua zaidi ya asilimia 10 ya bei ya mkataba kwa nyumba ya kuishi lazima aombe kibali ndani ya siku 30, na aanze kazi ndani ya siku 90 tangu kibali kitoke. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu. Na kama ni baada ya kimbunga ambacho gavana ametangaza hali ya dharura, mkataba wa paa uliosainiwa kwa ajili ya uharibifu huo ndani ya siku 180 unaweza kuuvunja bila faini ndani ya siku 10, au kabla ya tarehe rasmi ya kuanza kazi kama hiyo inakuja mapema zaidi. Anayekuahidi kukulipia ile hela yako ya kwanza ya bima, dedaktibo, anakuahidi kosa la jinai, muache aende.

Hatua ya 5: namba za NOA

Hii ndo lugha ya huku. Kila kitu kinachopanda juu ya paa HVHZ, vigae, utando, bati, tundu la hewa, dirisha la paa, kinatakiwa kiwe kimepitishwa, na kwa Miami-Dade cheti chake kinaitwa NOA. Ni faili lina kurasa kadhaa linasema bidhaa hii imejaribiwa hivi, inafungwa kwa misumari ya aina hii, umbali huu, na mwisho wa matumizi yake ni tarehe fulani. Ziko wazi kwenye websaiti ya kaunti, unaandika namba unaisoma bure. Isome. Najua inachosha lakini tafuta kurasa mbili tu, ule wenye tarehe ya kuisha na ule unaosema kinafungwaje. Kama NOA imeisha muda kabla hujaomba, maombi yatarudishwa.

Kuhusu kuchagua, vigae vya lami ndo bei nafuu na HVHZ kila kimoja kinataka misumari 6. Vigae vya udongo na saruji ni vizuri na vinakaa ila ni vizito, kama nyumba haikujengewa kubeba vigae hivyo utahitaji barua ya injinia, na vikimaliza kuwekwa kuna kipimo cha kuvivuta kwenda juu kuona kama vimeshika. Bati za siku hizi za misumari iliyofichwa ni imara sana, usizilinganishe na mabati ya nyumbani yanayopigwa misumari kichwani. Mimi niliweka bati, na ningerudia tena ningeweka bati.

Nyumba nyingi za huku zina sehemu ya nyuma bapa, ile juu ya baraza. Ile ni mfumo mwingine, NOA yake nyingine, na sehemu yake kwenye fomu ni nyingine. Watu wanaisahau, maombi yanarudi.

Hatua ya 6: fomu zenyewe

Kwa HVHZ kuna fomu ya maombi ya kawaida ya mji, afu kuna fomu maalum ya paa ambayo ni moja kwa kaunti zote mbili. Anaijaza kontrakta, lakini wewe ipitie kabla haijaenda. Inataka eneo la paa kwa futi, mwinuko wake, urefu wa wastani wa paa kutoka chini, aina ya mbao ya chini, aina ya utando na unavyofungwa, na namba za NOA. Paa la vigae vya udongo au saruji lina ukurasa wake wa hesabu za upepo. Inayorudishwa mara nyingi ni ile iliyoachwa wazi mwinuko au urefu, au NOA imebandikwa nzima kurasa 20 bila kuwekewa alama ni mfumo upi kati ya yote iliyonayo.

Ndani yake kuna karatasi ambayo ni yako wewe mwenye nyumba, unaweka herufi za jina lako kwenye kila kipengele. Wengi wanasaini wakiwa wamesimama mlangoni bila kusoma. Pale unaambiwa kwamba mbao za chini zitapigiliwa misumari upya, na kwamba kama ndani una dari inayoonyesha upande wa chini wa mbao za paa basi misumari inaweza kutokea ikaonekana ndani, na kuhusu maji kutuama kwenye paa bapa, na matundu ya hewa. Kama una baraza lenye mbao wazi kwa chini, hicho cha dari ndo chako, ongea na kontrakta siku hiyo sio siku misumari ikishatokea.

Kama nyumba yako ni ya zamani, kabla ya kodi ya 2002, na thamani yake imevuka kiwango kilichowekwa, watataka pia vibati vinavyofunga kenchi kwenye ukuta viboreshwe, ila gharama ya hilo haitakiwi kuzidi asilimia 15 ya gharama ya paa. Hata kama hawajakulazimisha, omba bei yake. Bei yake ukilinganisha na paa zima ni ndogo na ndicho kinachozuia paa lisiondoke na kenchi zake.

Paneli za sola zikiwepo, kuzishusha na kuzirudisha ni kibali kingine cha umeme.

Hatua ya 7: NOC, msiidharau

Mkataba ukizidi dola 5,000 lazima urekodi karatasi inaitwa Notice of Commencement kwenye rekodi za kaunti. Inasainiwa na mwenye nyumba mwenyewe mbele ya notari, kurekodi ni dola 10 ukurasa wa kwanza na 8.50 kila unaofuata, na nakala inabandikwa eneo la kazi. Bila hiyo mji haukupi ukaguzi wa kwanza. Isirekodiwe mapema mno kwasababu kazi inatakiwa ianze ndani ya siku 90.

Sababu yake ni hii. Unamlipa kontrakta, yeye hamlipi aliyemkopesha vigae, yule muuza vigae sheria inamruhusu kuikamata nyumba yako kwa deni lake, na unalipa mara mbili, kwenye fomu yenyewe wameandika onyo hilo kwa herufi kubwa. NOC inawafanya wote hao wakutumie notisi ndani ya siku 45 kwamba wapo kwenye kazi yako. Barua hizo zikija sio kwamba umeshtakiwa, usiogope wala usitupe, ziweke pamoja, na kila ukilipa awamu mdai kontrakta karatasi ya kuachilia deni kutoka kwa kila aliyetuma notisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi nunua faili moja kila kitu kikae humo.

Hatua ya 8: inspekta

Kibali kikitoka kadi yake inakaa nje pamoja na nakala ya karatasi zilizopitishwa, na ngazi iwepo siku ya ukaguzi, inspekta akikosa ngazi anaondoka na unaweza kulipishwa kurudiwa.

Ukaguzi unakuja kwa tabaka. Wakishaezua, mbao mbovu zinatolewa na plaiwudi yote inapigiliwa upya, misumari yenye mikunjo kama pete, kila inchi 6. Kwangu kazi ilianza saa moja asubuhi, saa nne plaiwudi iko wazi yote. Inspekta alikuwa mzee wa Kihaiti, akapanda na futi ya kukunja, akapiga magoti kwenye kona ya kusini mashariki akaanza kupima msumari hadi msumari, anasoma kwa sauti ndogo sita, sita, sita, akafika mahali akakuta nane, akachora duara kwa chaki ya bluu, akaendelea. Alichora maduara manne. Akashuka akasema hayo manne yakipigiliwa nipigie picha ya kila moja, mimi naenda kuangalia darini. Akaingia darini na tochi yake kutafuta iliyokosa kenchi. Ile siku ndo nilielewa nilikuwa nalipia nini.

Baada ya hapo utando wa chini. Kwenye HVHZ ukitumia karatasi ya lami inashikwa na vile visahani vidogo vya bati vya mviringo, na inspekta anavihesabu, ndo maana utasikia wanauita ukaguzi wa tin cap. Ukiweka utando wa kujibandika kwenye plaiwudi yote unapata kinga ya pili ya maji, yaani hata vigae vikiondoka maji hayaingii mara moja, na bima inaihesabu. Hapa kuna hatari, wafanyakazi wana haraka, mvua inataka kunyesha, wanataka kufunika kabla inspekta hajafika. Usikubali wafunike juu ya kitu ambacho hakijakaguliwa bila ruhusa ya mji, maana anaweza kuamuru kifunuliwe, na ana haki. Afu kuna ukaguzi wa katikati vigae au bati vikiwa vinaendelea, afu wa mwisho.

Wewe mwenyewe piga picha kila tabaka. Futi iwe kwenye picha. Sio lazima upande, mpe kijana simu.

Kati ya ukaguzi na ukaguzi zisipite siku 180 kazi imelala, kibali kitakufa. Na anayefanya bila kibali akakamatwa analipa ada mara mbili na zaidi, afu anafunua paa jipya ili lionekane chini.

Hatua ya 9: kukifunga, na kupeleka bima

Ukaguzi wa mwisho ukipita usilipe siku hiyohiyo. Subiri, ingia websaiti ya mji uone kibali kimeandikwa kimefungwa, na kila karatasi iliyokuwa inadaiwa imepokelewa, kipimo cha vigae kama kilihitajika, kila kitu. Ukishaona, chukua kutoka kwa kontrakta kiapo cha mwisho kwamba amewalipa wote, ndo utoe hela ya mwisho. Chapa ule ukurasa, weka kwenye faili.

Afu mwite mkaguzi wa bima wa upepo, atajaza fomu ya jimbo OIR-B1-1802, inatumika mpaka miaka 5. Fomu hiyo inauliza tarehe uliyoomba kibali cha paa, inauliza namba ya kupitishwa ya kifaa, ile NOA, inauliza plaiwudi imepigiliwaje, vibati vya kenchi ni vya aina gani na vina misumari mingapi, kinga ya pili ya maji ipo au haipo, na umbo la paa, lile la pande nne linapata punguzo kuliko la mgongo wa tembo. Kibati kinatakiwa kiwe na misumari isiyopungua mitatu, kikiwa na miwili hakihesabiki. Picha zako za tabaka zile unampa, maana yeye chini ya bati haoni.

Mnaotaka msaada wa hela, kuna mpango wa jimbo unaitwa My Safe Florida Home, ukaguzi ni bure na ruzuku inafika dola 10,000, kwa baadhi ya watu jimbo linatoa dola 2 kwa kila dola 1 yako. Hela zake zinaisha zinarudi kila bunge likipitisha bajeti. Ila uombe na upitishwe kabla ya kuanza kazi, ukianza kwanza umejitoa. Jirani yangu alianza wiki mbili kabla.

Mimi kibali changu kilifungwa siku ya kumi na tisa baada ya kuezua. Ule ukurasa niliuchapa nakala tatu, moja kwenye faili, moja kwa wakala wa bima, na ya tatu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaigongomea kwa pini kwenye kenchi ya kwanza ukishapanda darini, ili atakayeinunua nyumba hii baada yetu akipanda na tochi yake aikute.